Chadia na ufunguzi wa Karim

Chadia binti Karim bin Tariki, wa Rugenge: babu yake Tariki ndiye aliyevusha chumvi ziwani wakati wa vita, baba yake Karim ndiye aliyefuata mchele Bwegera mwaka ambao wenzake waliiogopa njia, na yeye Chadia ndiye aliyefundisha kompyuta kucheza igisoro, ule ubao wetu wa mashimo na kete.

Hakuifundisha kwa kujifurahisha. Marehemu Karim alikuwa na namna yake ya kufungua mchezo: kete anazirundika kulia, upande wa kushoto anauacha wazi kama mlango usio na komeo. Alishindwa hivyo siku ya Idi mbele ya mtaa mzima, na tangu hapo mtu akifanya upuuzi Rugenge anaambiwa, "Umefungua kama Karim." Chadia alitaka kujua moja tu: baba yake alikuwa mjinga, ama hapana?

Akaiacha mashini icheze yenyewe kwa yenyewe, upande mmoja ukifungua kama Karim, kila umeme ulipokuja. Upande ule ukawa wa kushindwa tu.

"Yaya, iache," mdogo wake Bibiche akamwambia. "Watu wamemucheka baba, sasa weye unataka na mashini imucheke?"

Lakini Chadia alikumbuka kwamba kule Bwegera baba alikuwa akishinda. Akapanda gari hadi huko, akamkuta muzee Nkeshimana, mkulima wa mpunga aliyecheza na Karim miaka mingi.

"Binti Karim! Umekuja kunipiga ubaoni nawe?"

"Nimekuja kuuliza, muzee. Huku mnaruhusiwa kurudisha kete nyuma kutoka shimo gani?"

"La kona, na lile linalofuata. Kwenu je?"

"La kona peke yake."

Muzee akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi Karim alienda kuvua ndagala na jembe! Ufunguzi ule miye ndiye nilimufundisha. Bila shimo la pili, upande wa kushoto utaulinda na nini?"

Chadia akarudi, akabadili sheria ile moja. Upande wa Karim ukaanza kushinda. Si kila mara, lakini mara nyingi kuliko kushindwa. Chadia akashusha pumzi. Misimu ya kufuata mchele ilikuwa imezoesha mikono ya baba ubao wa watu wengine. Kosa lilikuwepo, ndiyo. Ujinga haukuwepo.

"Tukawaambie sasa hivi!" Bibiche akaruka.

"Tutawaambia. Lakini kule milimani Mulenge nako wanacheza, na mashini haijui sheria yao. Weye ndiye utapanda huko. Kaa na wachungaji wa ng'ombe, usiwafundishe kitu, usibishane nao. Tazama mikono yao tu, halafu uniletee wanachofanya."