Sauti Nyuma ya Salamu

Sauti ilinifikia jikoni kabla sijaona kitu: mlio mzito wa vipande viwili, kama baragumu la mtu anayeona haya. Ulitoka kwenye simu ya mama, sebuleni kwetu, mtaa wa Jabe.

Mama na wakulima wenzake wa mpunga bondeni walikuwa wamejitolea kurekodi ndege mashambani kila alfajiri, ili watafiti wajue wanazaliana wapi, na mkulima ajue mahali pa kuzuia mundu wake. Waliombwa dakika chache za ukimya. Lakini nani kwetu atamtumia mwenzake ukimya? Kila rekodi ilianza na salamu ya amani, ikauliza watoto, magoti, mbolea. Ndege walilia kwa nyuma, wakingoja zamu. Mimi nilimsaidia mama kusikiliza.

Hii ilikuwa ya jirani yake wa shamba. Nyuma ya salamu aliita umusambi, yule korongo mwenye taji, na mwingine akamjibu karibu kabisa.

"Wana kiota," mama alisema, akashika kichwa. Mchana uleule jirani alikuwa amepanga vibarua wakate matete yake ya kando ya mfereji, aongeze mpunga. Mama alimpigia simu. Jirani alikuwa sokoni hapahapa Jabe, akaja.

"Dada, unaniita kama polisi!"

"Kaa, sikiliza sauti yako."

Alisikiliza, akatabasamu. "Nasalimia vizuri."

"Apana weye. Nyuma yako."

Mama alirudisha rekodi nyuma. Tabasamu likafutika.

"Kwangu?"

"Mu matete yako, muzee. Tumetafuta musimu muzima, wamechagua we."

"Na mi nitakula nini? Manyoya?"

"Lima ule upande wa barabara, huku uache mpaka watoto watoke. Panzi wa mpunga wako, hao ndege watawala. Kesho tunakuja wote na majembe."

"Wote? Hata yule mvivu wa mwisho wa mfereji?"

"Hata yeye. Atakaa kivulini, atusifu."

Walicheka. Nilimtazama mama, ambaye utotoni alikuwa akipiga debe kufukuza ndege shambani kwa baba yake, sasa akiwatetea kwa majembe ya wenzake, na kifua kikanijaa.

Jirani aliomba kusikia tena. Kisha akaruka kitini. "Wakataji wameshafika kule!"

Alikimbilia nje, simu sikioni, akipiga kelele, "Musikate! Musikate kitu, nakuja!" Mlango ukajibamiza nyuma yake.