Kiwanja cha Ufukweni Mapinga

Juzi nilimsindikiza shangazi yangu Mapinga kutazama kiwanja. Dalali, mtu wa kumuuzia samaki maji ya chumvi, akamwapia: "Mama, hapa maji hayajafika tangu dunia iumbwe."

Jirani walikuwa wanachimba kisima. Binti wa shangazi, anayesomea mawe chuoni, akaokota jiwe jeusi kwenye kifusi, akalipasua. Ndani majani meusi yamelaliana kama kurasa. Akalinusa, nikadhani atalila.

"Mama, hapa palikuwa mlango wa mto. Majani na vijiti vikijaa hivi, ujue nchi kavu ilikuwa karibu. Ingekuwa bahari kuu, tungekuta vijimea vya baharini tu, tena kwa hadubini."

Shangazi akafunga mkoba. "Kumbe panafurika."

"Mama, hayo ni mamilioni ya miaka," binti akamwambia. "Mto ulishahama."

Dalali akakohoa, akaiweka sawa kofia. "Mama, niwie radhi, nilikuficha. Hiki ni kiwanja cha ufukweni. Bei yake siyo ile."

Shangazi alicheka mpaka kunguru wa Bagamoyo nzima wakaruka. Kakinunua, kwa bei ya nchi kavu.

Mimi napasua mawe ya uani kwangu Dunda. Nikikuta jani moja tu, nyumba naitangaza hoteli ya ufukweni.