Jicho la Mama Faith

Nilikuwa darasa la tatu, na kwetu karibu na Mogogosiek kila mtu alijua mtoto mchanga hasifiwi hivi hivi. Ukimsifu, unamtemea mate kidogo kifuani, la sivyo jicho lako linabaki naye. Kogo, nyanya yetu, ndiye aliyetufundisha, na sikuwahi kusikia mtu akimbishia, hata pasta.

Asubuhi moja ya likizo, mama akiwa ameenda kuchuma chai ya kampuni, jirani yetu Mama Faith alipita akamwona ndugu yangu Kibet wa miezi minane. "Haki huyu amenona," akasema, akacheka, akaenda zake. Hakutema. Kufika saa sita Kibet alikuwa moto kama sufuria, amekataa uji, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi.

"Kimbia umwite aje ateme," kogo akaniambia.

Nikakimbia, na njia nzima nawaza, mtu mzima utamwambiaje kwamba jicho lake linaua mtoto? Nilimkuta kwenye shamba lake la chai na wanawake wengine, kikapu mgongoni, nikayamwaga yote mara moja mbele yao, kogo anasema ulimwangalia Kibet na hukutema na sasa anakufa.

Mmoja akamwambia, "Usiende. Ukienda umekubali ni wewe."

"Na nisipoenda?" Mama Faith akauliza, tayari anateremsha kikapu.

Tulipofika kwetu, alimtemea Kibet kifuani, polepole. Kogo akapumua, akakaa chini. "Sasa atapona."

"Haya, kogo, nipe leso nimbebe."

"Ya nini tena? Si umetema?"

"Nimetema. Sasa nampeleka hospitali."

Akamfunga mgongoni, akashuka hadi barabarani, akasimamisha pikapu ya maziwa. Ilikuwa nimonia. Daktari alisema tungengoja mama arudi jioni, tungechelewa. Leo Kibet ni mrefu kuliko mlango wetu.

Kogo alikufa akisema ni mate. Mama anasema ni sindano. Lakini wale wanawake walisema kwenda kwake ni kukubali, na tangu siku hiyo Mama Faith akipita, watoto wanafunikwa. Yeye anajua. Anasalimia akiangalia kando.

Sasa nina msichana wa miezi mitatu, na mimi ni mwoga, akikohoa mara moja nimeshavaa viatu. Naomba Mungu, na bado mtu akimsifu moyo unaruka. Wiki jana Mama Faith alisimama kwa geti, akanipongeza akiwa huko huko nje, na mimi, jameni, mkono wangu ulikuwa umeshavuta blanketi kumfunika mtoto uso.

Nikaona aibu. Nikafungua geti nikamwekea mtoto mikononi.

"Una hakika?" akaniuliza.

"Hapana," nikasema, "lakini mshike."

Akamshika, akamwangalia sana, akamwambia maneno ya kipuuzi ya watoto, na mimi nikasimama pale nikiogopa na nikifurahi. Shuleni walitwambia tutafute kusudi la maisha, nikadhani ni kitu kikubwa, labda kiko Nairobi. Siku ile kwenye chai huyu mama hakujua kama jicho ni kweli ama ni uongo, na hakungoja ajue. Nami nimeona kwamba naweza kuishi hivyo, na woga wangu wote.