Firigisi ya Baba Mkwe

Kabla gari langu halijagongwa, nilikuwa mtu mwenye adabu sana kwa wakwe. Adabu hiyo imenitoka, na sioni haja ya kuitafuta.

Tulikuwa tumekwenda Myanga kuwajulia hali wazazi wa mke wangu. Saa nane mchana tukaaga turudi Kitale. Mimi nilikuwa nimeshakaa kwenye usukani, mke wangu kando yangu anafunga mkanda, injini hata haijawashwa. Baba mkwe, ofisa mstaafu wa serikali ambaye hajawahi kukosea tangu azaliwe, akaingia katika pikapu yake ili aiondoe langoni tupite. Akarudi nyuma bila kutazama.

"Baba anatugonga," mke wangu alisema, akanishika mkono. Hapo hapo mlango wa upande wake ukabonyea.

Mzee alishuka akakagua bampa yake kwanza. "Si ungesimama mbali kidogo, bana," akaniambia.

"Pole, mzee," nikajibu. Ningesema nini? Kwetu mtu hamfokei baba wa mke wake, hata akibomolewa gari.

Tukarudishwa ndani. Kuku wa pili akachinjwa, na mzee kwa mkono wake mwenyewe akaiweka firigisi kwenye sahani yangu. Firigisi huliwa na mwenye nyumba. Akikupa wewe, amekuheshimu mbele ya watu wote. Nikaamini kwamba nimeombwa msamaha kwa njia ya wazee, ambao neno lenyewe huwa haliwatoki mdomoni. Nikaila yote. Ilikuwa tamu, nakubali.

Tulipofika mjini Bungoma nilipunguza mwendo karibu na kituo cha polisi. Bima yangu ingelipia mlango, lakini bila karatasi ya polisi hawakusikilizi.

"Ati unataka kuandikisha baba yangu kwa polisi?" mke wangu aliuliza. "Na amekupa firigisi?"

Nikakanyaga mafuta. Hadi tunapita Kibabii nilikuwa bado najiona muungwana kweli.

Wiki mbili baadaye wakala wa bima, hapa Kitale, aliniita ofisini kwake. Alikuwa na barua mezani. Baba mkwe alikwenda kwenye kituo kile kile nilichokipita, Jumatatu asubuhi, akaandikisha kwamba nilimkatia njia akiwa anarudi nyuma. Alitaka bima yangu imtengenezee bampa. Aliongeza kwamba nilisema pole mbele ya watu, na kwamba yeye kama mzazi alinisamehe, tukala pamoja.

Kumbe mimi ndiye niliyesamehewa. Kikulacho ki nguoni mwako, nami hicho nilikipigia magoti siku ya mahari.

"Jaza fomu hii," wakala alisema. "Ukinyamaza, kosa ni lako. Kuna mtu aliona?"

"Mke wangu."

Wakala alinitazama kwa huruma, akanipa kalamu.

Fomu nilikwenda nayo nyumbani. Nikaandika kila kitu: gari lilikuwa limesimama, injini haijawashwa, mlango uligongwa ubavuni. Nafasi ya shahidi nikaiacha wazi, nikamsogezea mke wangu karatasi. Aliisoma mara mbili. Kisha akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Nilikuwa naangalia simu. Sikuona kitu.

"Ulinishika mkono," nilimwambia.

"Yule ni baba yangu," akasema. "Wewe ni mtu wa kuelewa."

Nilichukia kuitwa hivyo. Nimekuwa mtu wa kuelewa miaka yote ya ndoa yetu, na kila ninapoelewa kuna mtu mwingine anayefaidi. Ningeweza kuichana ile fomu na kuubeba uongo wa mzee peke yangu, nyumba ikabaki na amani. Sikuichana. Niliipeleka kwa wakala kesho yake, maneno ya mke wangu yakiwa chini ya yangu. Bima ilimwamini mzee, aliyekuwa na karatasi ya polisi, badala ya mwanamume ambaye hata mkewe hakuona kitu. Bampa ikatengenezwa, na tukienda Myanga, kanisani mzee hunisalimia kwa sauti ya juu, watu wasikie.

Mlango wangu uko vile vile, haufunguki kwa nje. Tukienda mahali, mke wangu husimama kando ya gari akingoja niufungue kutoka ndani. Siku za mvua, huwa sina haraka.