Zamda wa Mikate na Namba ya Msimamizi

Niseme mapema: habari hii sina upole wa kuisimulia. Naitwa Mwanamisi, nauza vitenge hapa Bariadi, mlango wa pili kutoka kwenye matanuri ya Zamda Hashimu, na wale wanaopita wakisema Zamda ameangushwa na madereva wasinikaribie. Madereva gani? Zamda aliuzwa, na aliyemuuza tulikuwa tunamwekea chai na maandazi ya moto kila asubuhi.

Baba yake Zamda alikuja huku kutoka Kondoa zamani, pamba ilipokuwa pamba, akafungua duka, akafa ameliacha tupu. Zamda akajenga tanuri la kuni uani, akaanza kuoka mikate na kuipeleka vijijini kwa baiskeli ya kukodi. Mume alikuja, mume akaondoka, mikate ikabaki. Leo ana matanuri matatu na kirikuu tatu, vile vigari vidogo vya mizigo, kila kimoja na njia yake. Kimoja huenda Sola, cha pili Ipililo, kote huko ni Maswa. Cha tatu huenda Migato, upande wa Itilima.

Sasa sikiliza jambo moja, maana ndilo lililomuumiza. Mkate hauna subira. Ukiufikisha dukani saa moja asubuhi, umeuza. Ukiufikisha saa tatu, watu wameshakunywa chai yao na viazi, na mwenye duka anakwambia rudi nao. Kwa hiyo mali ya Zamda haikuwa matanuri wala magari. Mali yake ilikuwa yale maduka yaliyozoea kumsubiri, na Migato peke yake ilikuwa na maduka kumi na manne. Migato ikifa, tanuri moja linazimwa na akina mama wanne wanarudi nyumbani.

Njia hiyo ya Migato aliijenga Maganga, dereva wake wa kwanza. Msukuma mrefu, mkimya, wa huko huko Migato. Ukimsalimia anajibu, usipomsalimia ananyamaza. Miaka tisa hakuwahi kurudisha kreti iliyojaa.

Mambo yaliharibika pale kirikuu ya Ipililo ilipokutwa njia ya Shinyanga imebeba pamba ya mtu. Dereva alikuwa amejitafutia kibarua chake, mikate ya watu imekaa kwenye jua. Zamda alimfukuza, lakini hofu ikambakia, akaanza kuwaona madereva wote wezi. Hapo ndipo Hanif alipojitokeza na maneno yake ya vifaa vya kufuatilia magari.

Hanif ni mdogo wake Zamda, tumbo moja. Alikuwa amerudi kutoka Mwanza, alikokuwa akiuza vipuri vya magari, na alikuwa hana kazi ila kuvaa vizuri. Tulikaa uani watu watatu, yeye, Zamda na mimi, akatuonyesha kwenye simu yake aina tatu.

Ya kwanza ilikuwa kifaa kidogo unachokitia laini ya simu. Ukikipigia, kinakurudishia meseji kwamba gari liko mahali fulani, basi. Ya pili ilikuwa ya kampuni, unailipia kila mwezi. Hiyo inakuchorea njia yote kwenye ramani, inakwambia gari limesimama wapi na kwa dakika ngapi, na ukitaka unalizima injini ukiwa umekaa nyumbani. Ya tatu ilikuwa na kamera inayomtazama dereva usoni siku nzima. Hiyo Zamda aliikataa pale pale. Alisema hawezi kukaa akimtazama mtu mzima anajikuna.

Mimi nilimshauri achukue ile ya kwanza. Sijui teknolojia, ila niliona kwamba ile inajibu kwenye simu yoyote, hata kitochi, na Zamda simu yake ni kitochi. Hajawahi kukaa na simu kubwa, anasema unga unaiua. Hanif akanicheka. Akasema ile ni ya bodaboda, na mwenye biashara ya magari matatu hafanyi vitu vya kijima. Akaeleza vizuri, mwanaume ana ulimi yule, mpaka Zamda akachagua ya pili.

Kikaja kipengele cha mwisho. Kampuni ilitaka namba moja ya msimamizi. Mwenye namba hiyo ndiye anayeiona ramani, na ndiye anayeweza kuzima magari.

"Weka ya kwako," Zamda akamwambia. "Yako si ndiyo yangu?"

Nami nilikuwepo, nikatikisa kichwa kukubali. Naona aibu mpaka leo. Kwetu ndugu akiwepo humpi mtu baki ufunguo, na hakuna aliyetufundisha kwamba kuna siku ndugu ndiye atakayetakiwa kufungiwa. Fisi tulimpa bucha, tena tukamshukuru.

Vifaa vikafungwa. Zamda akawaita madereva wote, akawatangazia kwamba kuanzia siku hiyo habari zote za magari wampelekee Hanif, yeye asisumbuliwe, ana mikate ya kuoka. Maganga akaitikia sawa.

Mwezi wa pili tangu vifungwe, Hanif akaanza kuleta taarifa. Anakaa na simu yake, anamsomea dada yake: Sola sawa, Ipililo sawa, Migato kuna mashaka. Kila Alhamisi, akishamaliza maduka, Maganga anasimamisha gari saa moja na nusu kwenye nyumba isiyo na duka. Hanif akasema hapo kuna mwanamke, au kuna mtu anauziwa mikate kwa mlango wa nyuma. Zamda alitaka kumuuliza Maganga mwenyewe. Hanif akamkataza, akasema ukimuuliza mwizi unampa nafasi ya kutunga uongo, ushahidi uko hapa kwenye ramani.

Alimfukuza Maganga mbele ya watu, uani, Ijumaa asubuhi. Nilisikia kila kitu nikiwa mlangoni kwangu. Maganga alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno moja tu.

"Bosi, kwani Hanif hajakwambia?"

Hanif akamrukia kabla hajamaliza, eti kuambiwa nini, toa funguo. Zamda alikuwa na hasira, akaona ni jeuri. Maganga akaweka funguo juu ya gunia la unga, akatoka. Miaka tisa ikaishia hapo, na sisi sote tukarudi kwenye kazi zetu.

Akaajiriwa dereva mpya, Limbu, mtu mzuri tu. Wiki ya kwanza alirudisha kreti tatu. Wiki ya tatu alirudisha karibu zote. Anasema kila duka analofika anaambiwa tumeshapata. Hanif akaeleza kwamba watu hawana hela, pamba haijalipwa, hali ni ngumu. Ajabu ni kwamba Sola na Ipililo hali haikuwa ngumu. Zamda alizima tanuri la tatu. Wale akina mama wanne aliwaaga mwenyewe, mmoja mmoja, na siku hiyo hakula.

Ndipo aliponijia dukani, akasema Alhamisi anakwenda Migato yeye mwenyewe, na mimi niende naye. Hanif alikuwa ametuaga kwamba anakwenda Mwanza kwa shughuli zake. Tukabanana mbele ya kirikuu, Limbu kwenye usukani, Zamda katikati, mimi dirishani, mikate ikinukia nyuma yetu.

Duka la kwanza ni la Nyanjige, mama mmoja wa makamo mwenye sauti nzito. Mwangaluka mayu, mwangaluka, mhola, mhola, salamu za Kisukuma hazikimbizwi, tukasalimiana mpaka ng'ombe na mvua. Wakati huo mimi macho yako kwenye rafu. Mikate imejaa. Karatasi yake si ya Zamda.

Zamda akajitambulisha.

"Kumbe upo," Nyanjige akasema. "Sisi tulijua umetuacha."

Kisha akatueleza, taratibu, kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu angepaswa kulijua. Pale kijijini kuna kundi la kufa na kuzikana. Hukutana kila Alhamisi kwenye nyumba ya mwenyekiti. Mfanyabiashara anayetaka kuuza pale lazima awe ndani ya kundi: akifiwa mtu, alete kuni, alete maji, akae msibani. Asiyekuwemo hauziwi, hanunuliwi, na anayenunua kwake anatozwa faini. Ndivyo walivyokubaliana, na hakuna anayebisha. Maganga alikuwa ameliandikisha jina la Zamda miaka yote hiyo, akisimama kwa niaba yake. Kila Alhamisi alikaa kikaoni, na msiba ukitokea, kirikuu ya Zamda ndiyo iliyobeba maji. Watu wa Migato walikuwa wakimwita Zamda mwenzetu, hata sura yake hawaijui.

"Mlipofunga hicho kifaa," Nyanjige akasema, "Maganga aliogopa kile kikao kitaonekana vibaya. Akampigia mdogo wako amweleze, ili wewe ujue. Simu yake ilikuwa imeisha chaji, alitumia yangu. Nilikuwa nimesimama hapa hapa."

Halafu, akaendelea Nyanjige, Hanif akaja Migato mwenyewe, na kirikuu mpya na mikate ya kununua kwa mwokaji mwingine. Alikuwa na maduka yote kumi na manne kwenye simu yake, anajua Zamda hufika wapi saa ngapi, na yeye akawa anafika nusu saa kabla. Kwenye kundi alisema dada yake amechoka, amemwachia njia hii, jina la dada lifutwe liandikwe la Hanif. Na aliyemleta kikaoni kumdhamini ni Maganga, ambaye sasa ni dereva wa Hanif.

Haya makubwa. Mimi nilitaka kupiga kelele. Zamda aliketi juu ya kreti, akatoa kitochi chake, akampigia mdogo wake. Hakumtukana. Alimuuliza tu kama ni kweli. Nyanjige alikuwa amezima redio, kwa hiyo sauti ya Hanif ilisikika kwetu sote.

"Nakuona, dada. Uko kwa Nyanjige tangu saa moja na dakika kumi. Usinifedheheshe mbele ya wateja, rudi nyumbani tutaongea."

Zamda akamwambia harudi nyumbani, anakwenda kwa mwenyekiti wa kundi sasa hivi, akaseme mwenyewe kwamba yu hai na hajaachia njia yoyote. Simu ikakatwa. Tukaingia garini. Limbu akazungusha ufunguo, gari kimya. Akazungusha tena. Taa za dashibodi zinawaka, injini haina habari. Limbu akanitazama, akasema kwa sauti ndogo kwamba gari halina ubovu, limezimwa.

Mtu amemzimia dada yake gari lake mwenyewe, alilonunua kwa jasho la tanuri, amemwacha njiani kama mzigo.

Nyanjige akamtuma mtu kikaoni. Baada ya muda akaja Maganga kwa miguu. Alisalimia wote, akalala chali chini ya usukani, akatafuta waya, akaukata, akaunga nyingine mbili. Injini ikawaka. Akainuka anajifuta mikono.

"Kwa nini hukuja kuniambia mimi?" Zamda akamuuliza.

"Ulisema habari za gari nimwambie Hanif. Nilimwambia."

"Na siku ile uani?"

"Siku ile hukunitazama, bosi."

Zamda akamwomba msamaha. Alimwomba pale pale, mbele ya Nyanjige na Limbu na mimi, akamwomba arudi kazini. Maganga akasema Hanif alimfuata baada ya kufukuzwa, akamwambia kazi ni ya nyumba ile ile, kwamba dada amekubali, na leo ndiyo anajua ukweli. Lakini jina lililoandikwa kwenye kundi sasa ni la Hanif, na yeye ndiye aliyelidhamini mbele ya wazee wa kwao. Kulifuta ni kusema aliwadanganya, na aliyewadanganya watu kwenye kundi la kuzikana hazikwi na mtu.

"Nina mama mgonjwa hapa," akasema. "Siwezi."

Akaaga, akarudi kikaoni. Hatukwenda kwa mwenyekiti. Kwenda na nini, wakati kule hakuna anayemjua Zamda kwa sura, na shahidi wetu ndiye mdhamini wa Hanif?

Tukageuza na mikate yote nyuma. Barabara nzima mimi nilikuwa nikimpangia Zamda njia: nikamwambia twende polisi, nikamwambia twende kwa shekhe, nikamwambia tuite kikao cha ukoo Kondoa. Alikuwa anatikisa kichwa tu. Tulipoanza kuziona nyumba za Bariadi ndipo machozi yakamtoka, bila sauti, mikono imekaa mapajani.

"Mama alikufa Hanif ana miezi tisa," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Uji alikunywa mkononi mwangu, mgongoni alikaa kwangu mpaka akatembea. Kwetu mdogo wako akikukosea, unamshtaki kwa mama yake. Mimi nimshtaki kwa nani, Mwanamisi? Mama yake ni mimi."