Bomba la Supu la Wamarekani

Mpaka nilipokaribia kuota ndevu niliamini, rafiki yangu, tena bila chembe ya shaka, kwamba kila jiko la Marekani lina mabomba matatu: la maji baridi, la maji moto, na la supu ya nyanya. Habari hiyo nilipewa na binamu yangu, aliyefika London mwezi mmoja kabla yetu na kwa hiyo alikuwa mjuzi wa dunia nzima. Alisema Mmarekani hapiki wala hana meza. Akisikia njaa anafungua bomba, basi. Sikuona sababu ya kubisha. Nilikuwa nimetoka Mombasa juzi tu, na tayari nilikuwa nimeshapanda ngazi zinazotembea zenyewe. Supu kupita kwenye bomba ingeshindwa na nini?

Haya nimeyakumbuka wiki iliyopita, niliposimama dukani Hounslow, hapa hapa London, mbele ya friji ndefu kama treni, iliyojaa vyakula vya mtu mmoja mmoja. Biriani ya mtu mmoja! Nilicheka peke yangu hadi mlinzi akaanza kunifuata nyuma.

Sisi ni Mabohora, Waislamu wa asili ya Kihindi, na Bohora wa nyumba yetu alikuwa hajui sahani yake ni ipi. Kule Mombasa tulikula kwenye sinia moja, watu wanane kulizunguka, magoti yakigusana. Sinia haliletwi mpaka wote wamekaa, na hakuna anayegusa kitu mpaka mdogo wa wote apitishe kikopo cha chumvi, kila mtu achovye kidole na kulamba. Kisha kitamu kwanza, halafu nyama, halafu kitamu tena ukibahatika. Mdogo wa wote nilikuwa mimi, na chumvi ile niliipitisha kwa madaha ya waziri. Sinia letu la shaba lilikuwa kubwa kiasi cha kuogeshea ndama. Bibi alikuja nalo kutoka Mombasa amelipakata ndani ya ndege, na mhudumu alipotaka kulichukua, bibi alimtazama tu. Yule mhudumu nadhani anakimbia mpaka leo.

Lakini London haikutaka tukae duara. Baba alitoka alfajiri kwenda kiwanda cha biskuti. Mama aliingia mchana kwenye jiko la uwanja wa ndege, akipanga vyakula vya abiria. Dada yangu alisomea uuguzi na alikuja nyumbani kama mgeni. Sinia likaegemezwa nyuma ya mlango, na kila mtu akawa anachota sufuriani akiwa amesimama, koti mwilini.

Kila mtu isipokuwa bibi. Yeye alipika wali wa nazi na kuku wa kupaka, nyumba ikanukia hadi barabarani, halafu akafunika. Ukimwambia ale, anasema atakula wakija. Wakija mmoja mmoja, anasema atakula wakitimia. Na hawakutimia. Aliishi kwa chai na kipande cha mkate, na bangili zilizokuwa zikimbana mkononi zikawa zinateleza hadi kwenye kiwiko. Daktari akamwandikia dawa ya kumtia hamu ya kula. Bibi akasema hamu anayo, ila watu ndio hana. Nyumba nzima tulikuwa tunamwona anakwisha, na hakuna aliyejua la kufanya.

Mimi nikajua. Mama alikuwa ameleta kutoka kazini trei chache za bati, tupu, zilizobonyea zikakataliwa. Zilikuwa na vishimo vinne: cha nyama, cha viazi, cha njegere, cha keki. Alitueleza kwamba huko Marekani watu wengi siku hizi wanakula hivyo hata majumbani, kila mtu na trei yake, wakitazama televisheni. Nikaona dawa ndiyo hiyo. Kumbe mtu anaweza kula peke yake na akawa mtu wa kisasa! Nikaiosha trei moja, nikapanga wali, kuku, kachumbari na tambi za sukari, kila kimoja kwenye kishimo chake, nikampelekea bibi.

Aliigeuza huku na huku kama anayetafuta mlango.

"Hili ni sinia letu, mjukuu wangu, ila limekatwakatwa," alisema. "Na chumvi anapitisha nani?"

Nikavitazama vishimo vyote vinne, cha chumvi hakuna. Naye, badala ya kukasirika, akaingiwa na udadisi. Akataka kujua hao Wamarekani chumvi wanapeana vipi. Nikamwambia chini yetu anakaa Mmarekani mmoja, mke wa fundi wa ndege, tukamwulize. Nilidhani atacheka. Alijitanda mtandio wake, akashuka ngazi mbele yangu.

Tulimkuta yule mama ameweka trei magotini, mbele ya televisheni, saa kumi na moja ya jioni. Alitupeleka jikoni kutuwekea maji ya chai, na macho yangu yakaruka moja kwa moja kwenye mabomba. Mawili tu. Nikajisemea kwamba hili ni jengo la Kiingereza, la tatu wameliacha kwao.

Bibi aliuliza, mimi nikatafsiri. Kwa nini unakula unatazama sanduku? Yule mama alicheka, halafu akaanza kusimulia, na chai ikapoa. Kwao walikuwa watu kumi na mmoja kwenye meza moja, shambani. Hakuna aliyenyanyua uma mpaka babu yake amalize kusali. Mkate wa mahindi kila siku, kuku siku ya Jumapili, na matunda ya kiangazi yakitiwa kwenye chupa ili yafike wakati wa baridi. Kisha ikaja friji, chakula kikawa cha dukani. Vijana wakaenda mijini. Trei ya kwanza ilipoingia nyumbani kwake alishangilia, kwa sababu jioni ile, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakuosha chombo hata kimoja. Sasa mume wake yuko zamu, na wanawe kila mmoja ana mji wake.

Bibi alisimama, akajitanda mtandio wake upya.

"Mwambie apande juu," alisema. "Kuku ameshaiva. Mwambie sisi wawili, yeye wa tatu."

Nikalitoa sinia nyuma ya mlango. Nikapitisha chumvi. Yule mama alipoona tambi tamu zinatangulia alituambia kwamba kwao angechapwa vidole. Na bibi alikula, rafiki yangu. Alikula wali wa kutosha kikosi cha zimamoto. Baba aliporudi na kukuta Mmarekani amekaa mkekani, aliketi na koti lake vilevile, akanyoosha kidole kudai chumvi. Tangu hapo bibi hakukosa watu, na bangili zikarudi mahali pake.

Leo bibi hayupo. Yule mama alirudi kwao. Sinia limetundikwa ukutani kwa dada yangu kama picha, na wanangu wanapasha chakula moto, wananijibu kwa Kiingereza, wanaingia nacho vyumbani. Trei siilaumu, maana ujira wa zile trei ndio uliotusomesha.

Lakini siku ile ya kwanza, nilipokuwa nikimmwagia yule mama maji ya kunawa, nilimwuliza kwa adabu zote: kama hapa hakuna bomba la tatu, huko kwenu supu ilitoka wapi kila siku?

Hakucheka. Alijifuta mikono taratibu.

"Hakuna bomba, mwanangu," alisema. "Alikuwa mama yangu. Alipokufa tukaanza kununua supu ya makopo."