Ngano Yangu, Chuma cha Shemeji

Kaa hapa upande wangu, wewe ambaye hujawahi kucheza mchezo wa kompyuta wa zamu, nikueleze polepole. Si mgumu. Mimi niliujifunza katika miezi ambayo sikuweza kujifunza kitu kingine chochote, kwa hiyo wewe utauweza.

Tuanze na neno lenyewe, zamu. Kule Mubuku, ambako nimekodi kipande cha kulima mpunga, maji ya mfereji hayaji kwa wote kwa pamoja. Jumanne ni ya watu wa juu, Alhamisi ni yetu. Siku yako ikifika unafungua kijilango cha mfereji, unaziba mianya ya matope, unasawazisha matuta, unafanya yote uliyopanga. Saa zako zikiisha unafunga, na maji yanakwenda kwa mwingine. Mchezo huu uko hivyo hivyo. Zamu yako ikiwa haijaisha, hakuna anayekukimbiza. Unatuma wafanyakazi, unajenga, unatafakari, hata ukitaka kunywa chai unakunywa. Ukimaliza unabonyeza kitufe cha kumaliza zamu, na mwenzako anaanza.

Mwaka niliojifunza mchezo huu, mke wangu alifariki baada ya ugonjwa mfupi. Tulimzika nyumbani Rukoki. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi; nilipewa ruhusa ya kukaa nyumbani, nikakaa. Nilikula nilipowekewa chakula. Nilijibu nilipoulizwa. Kuhusu siku hizo sina mengi zaidi ya kusema.

Ndugu zangu waliona si vizuri nikae peke yangu, wakanipeleka Bwera kwa mdogo wake marehemu, shemeji yangu. Yeye alikuwa amekimbia kutoka upande wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, akaacha shamba la kabichi na nyumba, akavuka na begi moja na laptopu. Pale Bwera, kando ya barabara ya mpakani, alikuwa na kibanda cha kuchaji simu za watu kwa umeme wa jua. Nilipewa benchi la ndani, karibu na betri. Nilikaa pale kama simu mojawapo.

Siku ya tatu, simu yangu iliyokuwa mezani ililia, na shemeji akaipokea kwa spika kwa sababu mimi sikunyoosha mkono. Aliyepiga alikuwa msimamizi wa mfereji wetu Mubuku, mama mpole sana.

"Mwalimu, pole tena," alisema. "Nisamehe kukusumbua. Maji yanafunguliwa Jumatatu baada ya wiki tatu. Kipande chako bado ni nyasi tupu. Siku hiyo ikikikuta hakijalimwa, kikundi kitampa mtu mwingine. Unajua sheria ni yetu sote."

"Nimesikia, mama," nilisema.

"Utakuja?"

"Nimesikia," nilirudia.

Kipande kile tulikilima na mke wangu misimu sita. Mchele wake ndio uliotulisha, mshahara ukafanya mengine. Nilijua kikienda hakirudi, kwa kuwa watu wanaokisubiri ni wengi. Nililijua hilo kama unavyojua jina la mji usiopanga kwenda. Mikono yangu haikutaka jembe.

Shemeji naye alisikia yote. Kila siku nilimsikia akiwauliza wateja kama kuna mtu anayekodisha hata robo eka, mahali popote, kwa kuwa yeye ni mtu wa udongo na waya zinamchosha. Mimi nilikuwa na shamba lisilo na mikono, yeye alikuwa na mikono isiyo na shamba, na tulikaa mita moja kati yetu bila kulisema. Hapa ni lazima nikueleze desturi yetu, la sivyo utatuona wajinga. Kwetu sisi watu wa mlimani, upande huu na upande ule wa mpaka, mtu hapatani bei na shemeji. Shemeji akiomba, unatoa. Ukiwa na kitu, unampa kabla hajaomba. Kumwambia "nilimie" ni kumfanya kibarua. Na yeye kuniambia "nipe shamba la dada yangu" kabla kaburi halijakauka, hapana.

Basi badala ya kusema, alifungua laptopu.

"Shemeki, kuya tuchezee," aliniita kwa Kiswahili cha kwao. "Hapa hauhitaji kuongea."

Nilisogea.

Sikiliza sasa, hii ndiyo sehemu ya mali. Ramani imegawanywa katika vipande vya pembe sita, kama sega la nyuki. Mji wako uko katikati, na kila kipande kinachouzunguka kinatoa kitu chake: ukingo wa mto unatoa ngano, msitu mbao, mlima mawe na chuma. Lakini hakitoi chenyewe. Lazima uweke mfanyakazi pale. Kipande kisicho na mtu ni picha tu. Mji ukiwa na wafanyakazi watano na vipande kumi, vitano vitalala, na ni wewe unayechagua vipande vipi vilale.

Kisha watu wanakula. Kila zamu, kabla ya jambo lingine lolote, mji unakula ngano yake. Inayobaki inaingia ghalani. Ghala lina mwisho: likijaa, ziada inaoza na hutalipwa kitu. Hapa watu wa mpakani wanakosea sana mwanzoni. Wamezoea kuficha bidhaa wakingoja mpaka wa nchi ufungwe ili bei ipande. Kwenye mchezo ukificha kupita kiasi unalisha panya.

Mimi nilipewa bonde, ngano tele, chuma hakuna. Yeye alipewa milima, chuma kingi, ngano haba. Mchezaji wa tatu alikuwa kompyuta yenyewe, mji mwekundu wa upande wa kaskazini. Tulipokezana laptopu magotini.

Biashara inafanyika kwenye dirisha lenye safu mbili. Kushoto unaandika unachotoa. Kulia unaandika unachotaka. Ukituma, mwenzako anaiona zamu yake ikifika. Anakubali, anakataa, au anabadilisha namba na kukurudishia. Akikubali, mizigo inafika zamu inayofuata. Kumbuka ucheleweshaji huo. Ukiomba chakula siku ya njaa, kitafika kesho yake, na watu wawili watakuwa wameshahama.

Zamu ya kwanza niliona ghala la shemeji lina ngano mbili. Nikaandika kushoto: ngano tano. Kulia niliacha wazi. Nikatuma.

Zamu yake ilipofika aliiona. Akaandika kushoto: chuma sita. Kulia akaacha wazi. Mimi nikaona aibu, nikatuma ngano saba. Yeye akatuma chuma chote kilichobaki.

Tuliendelea hivyo alasiri mbili. Mji wangu ulianza kupungua, watu wakihama kwa njaa, huku stoo yangu imejaa chuma ambacho sikuwa na mtu wa kukifua. Kwake ngano ilijaa hadi ikaoza, na hakuwa na chuma cha kutengeneza hata majembe. Mji mwekundu ulikuja taratibu ukachukua msitu wake, kisha mto wangu. Haukupigana. Ulikuta vipande havina mtu.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki wakavu alikuja kuchukua simu yake. Alisimama nyuma yetu kwa muda, beseni kichwani.

"Huu si ni mchezo wa vita?" aliuliza.

"Ndiyo, mama," shemeji alijibu.

"Mimi naona harusi. Huyu anabeba, huyu anabeba. Nani anaolewa?"

"Tunaheshimiana, mama."

"Heshima iko wapi hapo? Huyu mwalimu wako amekonda mpaka kwenye kompyuta." Akalipia simu yake akaenda.

Shemeji aliangalia maghala yetu kwenye kioo cha laptopu. "Ni kweli," alisema. "Shemeki, unaniua na ngano. Nilikuwa nataka tatu tu."

"Kwa nini hukusema?"

"Na we? Chuma yote ile unapeleka wapi? Unajenga reli?"

Tukaanza upya. Tulikubaliana kwamba safu ya kulia haiachwi wazi. Ilikuwa ngumu kuliko unavyofikiri. Zamu ya nne aliniletea ombi: anatoa chuma nne, anataka ngano sita. Nilikuwa na saba, na watu wangu wanakula tatu. Hesabu ilikuwa mbele yangu, mtoto wa darasa la pili angeiona. Kitufe cha kukataa kilikuwa pale. Kidole hakikwenda.

Shemeji alielewa. Akainuka, akatoka nje kufuta vumbi kwenye paneli juu ya bati, paneli aliyokuwa ameifuta asubuhi. Alinipa mgongo makusudi, ili nisimkatae usoni. Nikabadilisha sita ikawa tatu, nikarudisha.

Alirudi, akasoma. "Tatu? Kwa chuma nne? We mwalimu uko mugumu kama mulango ya benki."

Akacheka. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka. Mimi sikuhisi kitu, lakini niliona kwamba amecheka, na niliona pia kwamba alikubali tatu, na zamu iliyofuata miji yetu yote miwili iliongezeka mtu mmoja.

Kuanzia hapo nilijifunza vizuri. Nilijifunza kuacha ghalani chakula cha zamu mbili kabla ya kuuza. Nilijifunza kwamba sokoni, ukimwaga ngano nyingi kwa mara moja, bei inashuka mikononi mwako, lakini mwenzako anayehitaji haangalii bei ya soko, anaangalia anachokosa. Na nilijifunza kuuliza mapema. Mji mwekundu tuliuzuia, si kwa jeshi, kwa majembe na mkate.

Wiki mbili zilikuwa zimepita. Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, na zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa nimefungua dirisha la biashara nikiangalia safu mbili tupu. Nikaiweka laptopu benchini.

"Shemeji," nilisema, "natoa kipande cha mpunga Mubuku, msimu mmoja, na maji ya Alhamisi. Nataka kilimwe kabla ya Jumatatu ile. Nataka nusu ya mchele."

Alikuwa ameshika waya ya chaja. Hakuiachia. Nje pikipiki zilipita. Niliogopa kwamba nimemtukana, na woga ule ulikuwa wa mbali, kama wa mtu mwingine.

"Ni zamu yangu?" aliuliza.

"Yako."

"Nusu ni mingi."

Sikutegemea hilo.

"Nusu ya muchele kwa mutu ya kulala kwa benchi? Hapana, shemeki. Moja ya tatu." Akaweka waya chini. "Na kingine. Minalima, minapanda, minapalilia. Maji utafungua we mwenyewe, kila Alhamisi. Zamu ya maji iko kwa jina yako, haiko kwa yangu."

"Mimi siwezi bado."

"Basi minakataa."

Alinigeuzia mgongo, akachomeka simu ya mteja. Hakutoka nje mara hii. Nilikaa. Niliangalia mgongo wake, shati lililofifia begani. Nilifikiria kama ninavyokufundisha wewe: mji unakula kwanza, na ukikosa hapa hakuna zamu nyingine kabla ya Jumatatu.

"Moja ya tatu," nilisema. "Na nitafungua."

"Kila Alhamisi?"

"Kila Alhamisi."

"Sawa. Mizigo inafika kesho," alisema.

Jumamosi tulipanda gari Bwera, tukapita Kinyamaseke na Kasese mjini, tukafika Mubuku na majembe mawili. Lake lilifanya kazi. Langu lilifanya kidogo. Siku tisa baadaye, Jumatatu ya maji, msimamizi alipita akitembea juu ya tuta, akatazama udongo mweusi uliogeuzwa, akaandika kitu kwenye daftari lake, akaendelea kwa jirani. Hakusema lolote, na hiyo ilimaanisha kwamba kipande kilibaki chetu.

Alhamisi nilivua viatu nikafungua kijilango. Maji yaliingia yakiwa na rangi ya chai. Shemeji alikuwa upande wa pili akinielekeza kwa jembe mahali yanapovuja, akinitania kwamba naziba kama mtu anayeandika ubaoni. Sikupona siku hiyo. Nilisimama mpaka saa zetu zikaisha, nikafunga.

Sasa wewe. Chagua ramani ndogo, na mtu mmoja unayemheshimu sana. Weka ngano ya zamu mbili ghalani. Kisha fungua dirisha la biashara, jaza safu ya kulia kwanza, na utume.